Sura Iliyoshonwa kwa Uzi wa Nywele

4 Machi

Shangazi yangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ikikukuta umesimama na kichana mkononi utaisoma nusu na nusu nyingine utamsimulia mteja. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha. Chumba ni kile kile cha juu ya duka la rangi, kwa hiyo kila ninachokula bado kinanukia tapentaini. Kiwandani wamenitoa kwenye mikono ya mashati wakanipandisha kwenye kola, na usiulize tofauti, maana nitakujibu kurasa tatu. Msalimie baba. Mwambie bomba la huku linavuja na nimelifunga kwa tambara, apate cha kulalamikia wiki nzima.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna mtu, simtaji, aliropoka kazini kwamba shangazi yangu anasoma nyota. Tangu siku hiyo sili chakula cha mchana kwa amani. Msichana wa kitengo cha vifungo alikuja akaniuliza kama ahame kwa dada yake au abaki. Nikamtazama, nikakunja uso kama unavyokunja wewe, nikamwambia, "Zuhura yako imekaa vizuri, hama." Shangazi, mimi Zuhura sijui hata anakaa upande gani. Kesho yake akaja kunishukuru, mizigo ameshahamisha. Sijalala vizuri tangu hapo.

Nataka kujifunza kweli, kwa njia ya zamani uliyojifunza wewe, siyo ya magazeti. Nisome nini, na nianze na kipi? Usinicheke sana. Cheka kidogo.

Mwanao wa kola


20 Machi

Bwana Kola,

Nimecheka, na mteja niliyekuwa namsuka amecheka pia, kwa hiyo mmoja wenu ana hasara. Huku tuko salama. Paa la saluni limeacha kuvuja baada ya baba yako kulipandia na kuliharibu mara mbili. Yeye mzima, ananuna. Nilipomwambia unataka kusoma nyota alisema, "Umeniharibia utoto, sasa unaniharibia mtoto." Unajua wimbo wake. Kwamba alipokuwa na miaka minane nilimfuata shuleni mwaka mzima, msichana mkubwa, nimeshika chupa ya maji, nikamsubiri mlangoni mwa darasa hadi wenzake wakamwita Mtoto wa Chupa. Miaka hamsini imepita na bado anaisimulia kana kwamba ni jana. Nilikuwa na sababu zangu.

Tuje kwenye vitabu. Sanduku la bati linakuja na dereva wa lori la saruji, mtani wa baba yako. Ni vyote alivyoniachia mwalimu wangu, yule mama mshona magodoro. Uvisome kwa utaratibu nitakaokupa na usijitie ujanja.

Anza na kile chembamba cha kijani. Si cha nyota, ni cha hesabu za shule. Ukikimaliza bila kuudhika, rudia, maana hukukisoma. Mtu asiyejua kugawanya atawapa watu ndoa na misiba ya bure. Kisha chukua kile kisicho na jalada. Hicho kinakutambulisha kwa Jua, Mwezi na wale watano wengine, na buruji zote kumi na mbili, kuanzia Hamali hadi Hutu. Kaa nacho hadi uwajue kama unavyowajua majirani: nani mkarimu, nani anakopa chumvi harudishi. Cha tatu ni chekundu, kinachofundisha kujibu swali moja la mtu mmoja, kama huyo wa vifungo. Ukifika hapo utajua kama ulimwambia kweli au ulimtupa kwa dada yake bure.

Kile kinene ni cha mwisho kabisa. Humo kuna sura moja nimeishona kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Sura hiyo iache. Vitabu vipya usivinunue. Nimepitia viwili vitatu, na vyote vinamwambia kila msomaji kwamba ana moyo wa dhahabu na watu hawamwelewi.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi,

Sanduku limefika, na saruji kidogo ndani yake. Asante, na umshukuru dereva, ingawa aliniambia nifanye haraka kushusha kabla hajapatwa na mkosi. Mvua huku zimekata. Mwenye duka la rangi amemwoza binti yake na ngazi nzima imepakwa rangi ya waridi, kwa hiyo sasa nina suruali mbili za waridi nyuma.

Kitabu cha hesabu nimekimaliza mara mbili. Mara ya kwanza niliudhika, sikufichi. Kile kisicho na jalada nakisoma kitandani na kiwandani chini ya meza ya kukatia. Nimeanza kuziona sayari kila mahali. Msimamizi wetu ni Zohali mtupu: baridi, mkavu, anakuja polepole, lakini lazima afike. Mimi nadhani ni Utaridi, ila msichana wa vifungo anasema mimi ni Utaridi aliyekosa usingizi. Ndiyo, bado tunaongea. Kwa dada yake anakaa vizuri, namshukuru Mungu kwa bahati ambayo sikuistahili.

Mambo mawili yananitatiza. La kwanza, kwa nini umenitumia vyote kwa mpigo? Siku zote ulikuwa hukiachii hata kimoja kitoke saluni. La pili, mwandiko wako. Herufi zimekuwa kubwa kama za tangazo la mnada, na mistari inateremka kulia. Ni kalamu?

Mwanao


29 Aprili

Bwana Kola,

Salamu zako zimefika, na za suruali pia. Baba yako amepata kazi ya mabomba ya hospitali ya wilaya, anaondoka alfajiri na kurudi na habari za wagonjwa wote, utadhani yeye ndiye daktari mkuu. Mteja wangu wa siku nyingi, yule mwalimu mkuu, amekwenda kusukwa kwingine. Anasema njia nilizomchana zilikwenda zigizaga. Mtu akizeeka kichwa hubadilika umbo, sasa nifanyeje?

Ni kalamu.

Vitabu nimekutumia vyote kwa sababu sanduku lilikuwa linajaza nafasi. Tuendelee. Niambie bila kufungua kitabu: Mushtarii anapenda kukaa kwenye buruji gani, na Mirihi akimtembelea Saratani anakuwa na hali gani? Ukishindwa, rudi kwenye kile kisicho na jalada. Ukiweza, ingia kwenye chekundu, soma hadi mahali palipomwagikiwa na mafuta ya nywele. Doa hilo lina umri mkubwa kuliko wewe.

Yule msichana wa vifungo usimsomee nyota tena. Mtu unayetaka akupende usimsomee. Sitasema zaidi.

Shangazi


16 Mei

Shangazi mpendwa sana,

Natumaini u mzima wa afya. Nasisitiza neno afya. Unalala vizuri? Unakula? Kifua hakikubani? Moyo haukuendi mbio ukipanda ngazi? Mimi sijambo. Baba naye natumaini hajambo, ila nakuulizia wewe.

Nimekutumia pamoja na barua hii soksi za sufi, jozi sita. Zivae hata kama si msimu wake. Tafadhali usipande kwenye kile kiti cha saluni kufuta kioo, mwambie baba akifute. Umeme ukikatika usipapase ukutani. Na lile jiko la mafuta lenye mguu mmoja mfupi, kwa nini bado mnalo?

Mushtarii anapenda Kausi na Hutu. Mirihi kwa Saratani ni mgeni aliyekosewa heshima. Nimeingia kwenye chekundu na nimefika kwenye doa. Kile kinene sijakigusa, kipo tu kwenye sanduku, chini.

Mwezi wa sita huku una kazi nyingi, ila nikipata ruhusa nitakuja. Shangazi, wewe ulizaliwa kweli Jumanne alfajiri kama bibi alivyokuwa akisema, au alikisia?

Mwanao anayekupenda


28 Mei

Mwanangu,

Soksi zimefika. Nimevaa jozi mbili, moja juu ya nyingine, nimekaa karibu na dirisha, natoka jasho na namshukuru mtoto wangu. Jozi mbili amechukua baba yako. Zilizobaki nimeziweka kwa ajili ya dharura, sijui ya aina gani, pengine wewe unajua.

Moyo wangu hauendi mbio. Kifua hakibani. Nakula, nalala, napiga kelele. Kiti cha saluni nimekipanda jana kwa makusudi. Kuhusu kuzaliwa, ndiyo, Jumanne alfajiri, bibi yako hakuwa mtu wa kukisia. Sijui unaulizia nini wakati kitabu kinachohitaji habari hiyo hujakigusa.

Kiko chini kabisa ya sanduku, siyo? Vizuri. Na uzi umekaa salama? Nauliza tu. Uzi wa nywele ukifumuliwa na kurudishwa huwa haukai kama mwanzo, hata fundi awe na mkono mzuri vipi.

Nilisahau: baba yako amenipeleka kwa daktari wa macho, hapo hospitalini anapofanyia mabomba. Baba yako ana tabia ya kusimamisha watu barazani na kuwasimulia mambo yangu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Jambo dogo. Watalifanya la kulia kwanza tarehe kumi na nne Juni. Daktari huyo ni wa kupita tu, akiondoka haijulikani atarudi lini.

Shangazi wa soksi


3 Juni

Shangazi,

Sina salamu leo, nisamehe. Msimamizi amenipa ruhusa ya kukaa nje nusu saa na ninaandikia kwenye goti.

Unajua nimeifumua, kwa hiyo tusichezeane. Niliifumua kwa kijisu cha kufumulia kola, siku moja nilipokuwa nimechoka na doa la mafuta. Nilisema nitasoma ukurasa mmoja. Ni sura ya kuhesabu umri wa mtu, kutoka alipozaliwa hadi anapoishia. Nikasema nijaribu hesabu, nione kama kile chembamba cha kijani kimenisaidia. Nilihitaji mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa naijua. Shangazi, nilijua yako tu.

Nimeipiga mara nne. Nimebadilisha kalamu, nimebadilisha meza, nimeipiga nikiwa nimeshiba. Kila mara inaishia mwaka huu, mwezi wa sita, katikati. Sikutaka kukwambia. Nilidhani soksi zitatosha, sijui nilifikiri nini. Halafu ukaniandikia tarehe hiyo mwishoni mwa barua, kama mtu anayesimulia bei ya nyanya.

Nakuomba usiende. Mwambie daktari mwezi wa saba. Mwambie una mafua. Jicho litasubiri. Simu ya kiwandani imetiwa kufuli na ufunguo anao Zohali, nyumbani kwenu hakuna, na ruhusa ya kusafiri wamekataa hadi oda ya mashati ya shule iishe. Nina barua hii tu. Nakuomba kwa haki ya yote uliyonifanyia, usiende.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wa baba yako, maneno ni ya shangazi yako. Usishtuke. (Nilimwambia aanze na neno hilo, akasema barua huanza na salamu. Mimi baba yako.) Salamu. Niko hai, nimefungwa bandeji jicho moja, na lile jingine halina faida hata likiwa wazi. Soksi nimezivaa.

Barua yako ilifika asubuhi ile ile ya kwenda hospitali. Mimi sisomi tena, mwanangu, tangu mwaka jana nakisia. Ndiyo maana ukapata sanduku zima. Vitabu kukaa na mtu asiyeviona ni kuvinyanyasa. Nilikuandikia kwa kupapasa ukingo wa karatasi, na kalamu haikuwa na kosa lolote. (Na barua zako zote nilimsomea mimi. Msichana wa vifungo namfahamu vizuri.)

Basi akanisomea barua yako kwenye benchi la hospitali, kwa sauti, watu wote wa macho wakisikiliza. Sitakudanganya. Niliogopa. Kitabu kile ninakijua, nikazirudia hesabu kichwani pale pale, zikatoka sawa na zako. Nikasimama nikamwambia baba yako twende nyumbani. Akanishika mkono akanikalisha. Akasema, "Ulinifuata shuleni mwaka mzima na sikuwa na la kufanya. Leo mimi ndiye nimekufuata. Kaa." (Nilisema pia asiniaibishe mbele ya mafundi wenzangu.)

Nikakaa. Na sasa nasema kitu ambacho sijamwambia mtu, na nakisema kwa kuwa nimefungwa jicho na siuoni uso wa anayeandika.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipofika kwenye sura hiyo. Mshona magodoro alinionya kama nilivyokuonya, na kama wewe nikajitia ujanja. Nilihitaji mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa naijua. Katika nyumba yetu kulikuwa na mmoja tu niliyekuwepo alipozaliwa, nikabeba taa, nikakisikia kilio chake cha kwanza. Nilipiga hesabu mara nne. Kila mara ilisema hatafika miaka tisa.

Kwa hiyo nikachukua chupa ya maji nikamfuata. Nilimfuata kwenda na kurudi, nikakaa mlangoni, nikalala miguuni pake nikisikiliza pumzi. Siku alipotimiza tisa nilimsubiri aamke. Aliamka akadai chai. Ndipo nikachukua uzi na sindano.

(Kijana wangu, hapa nimeacha kuandika kidogo. Sikujua haya. Amesema niendelee.)

Endelea kuandika, acha kupenga. Mwambie hivi: mwalimu wangu alimhesabu mumewe, nami nikamhesabu mdogo wangu, nawe ukanihesabu mimi. Hakuna mwanafunzi anayeanza na mtu asiyempenda. Kitabu kile kimewaua wote niliowapenda, na wote wanakula. Vingine vyote ninaviamini, na nitavifundisha hadi nife. Sura hiyo hapana.

Bandeji la kulia linatolewa wiki ijayo. Kama sitaona, nitakuwa nimejaribu.

Shangazi, kwa mkono wa Mtoto wa Chupa
(Nimekubali kuliandika mara hii tu.)


6 Julai

Shangazi, na Baba,

Nawasalimu wote wawili pamoja, kwa kuwa sasa najua barua zangu zina wasomaji wawili.

Bahasha ilifika nikiwa kazini. Nikauona mwandiko wa baba. Baba hajawahi kuniandikia hata siku moja tangu nizaliwe, kwa hiyo nilijua ni habari gani. Sikuifungua. Niliitia mfuko wa shati nikashona kola siku nzima, na kesho yake pia, na zote zilitoka upande. Msimamizi alizirudisha bila kunikemea, hata yeye alinihurumia. Mwishowe msichana wa vifungo alinitoa nje, akaitoa bahasha mfukoni mwangu, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, hadi "Usishtuke." Nikakaa chini kwenye vumbi na suruali ya waridi. Baba, ulifanya vizuri kuanza na neno hilo.

Nimeishona tena ile sura, kwa uzi wa kola, mishono miwili miwili. Atakayeifumua itabidi awe na nia mbaya. Kile chekundu nakaribia kukimaliza. Na yule msichana simsomei nyota. Amenisomea yeye barua yangu, inatosha.

Sasa niambieni. Bandeji limetolewa?

Mwanenu


21 Julai

Bwana Kola,

Mwandiko ni wangu na mistari imenyooka, pima kwa rula. Hapa sote salama. Jicho la kushoto watalifanya daktari akirudi, naye ameahidi kurudi, maana baba yako bado hajamaliza mabomba yake na anatishia kutoyamaliza. Mwalimu mkuu amerudi saluni. Nimemchana njia sita na hakupata cha kusema, maskini.

Ukimaliza chekundu, kirudie kutoka mwanzo ukiwa na mtu wa kubishana naye. Mshona magodoro alisema hicho hakisomwi peke yako. Mpe huyo wa vifungo kile cha hesabu, uone kama ataudhika. Nipe majibu kabla hujamleta nyumbani.

Umeuliza habari ya bandeji. Daktari alilitoa asubuhi, akaniambia nifumbue taratibu na nimwambie ninaona nini. Baba yako alikuwa amesimama mbele yangu na spana mkononi, hajanyoa, anajifanya amekuja kwa ajili ya bomba la sinki. Nilikuwa sijamwona sawasawa kwa miaka. Ana mvi hadi kwenye nyusi, na tumbo, na mikunjo yote hii hapa pembeni ya macho. Daktari akauliza tena, naona nini. Nikamwambia namwona mdogo wangu, amezeeka.

Shangazi yako